Shangazi, Mbona Wachina Hawataki Maji ya Barafu?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za tumbo. Kwa wanaoufungua ukurasa huu mara ya kwanza: mimi ni muuguzi mstaafu wa Tanga, nikaenda Guangzhou kusomea tiba ya Kichina, na najibu kwa elimu zote mbili. Nikipishana na daktari wako, mfuate yeye. Yeye amekupima, mimi nimekusoma tu.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mfanyabiashara wa Kariakoo, nafuata mzigo Guangzhou na kila nikija nafikia mtaa wa Xiaobei. Nikiwa huku tumbo linanijaa gesi, nacheua hovyo, choo laini. Mchana sipati nafasi, nakula saa nne usiku nikitoka sokoni, na soda baridi pembeni. Nikimlalamikia mtu, awe mwenye duka au dereva wa teksi, jibu ni moja: kunywa maji moto. Na hili jua la Julai! Kuna ukweli hapo au ni mazoea yao tu?*
*Mpwa wako, Kariakoo*

Marahaba mwanangu, na pole kwa safari. Sababu ziko mbili, na kila moja ina asili yake.

Ya kwanza ni ya matabibu. Kwao tumbo ni chungu kilicho jikoni: kinapokea chakula na kukiivisha, na moto wa chini haufai kuzimika. Chakula kikiiva, wengu huchukua kilicho bora na kukipandisha mwilini. Ukimimina maji ya barafu juu ya chakula kila siku, moto unafifia, wengu unachoka, na ndani kunabaki wanachokiita unyevu. Dalili zake ni hizo hizo zako: gesi, mwili mzito, choo laini, usingizi mara baada ya kula. Ila huo wengu wao si ile bandama anayoipapasa daktari akishuku malaria. Ni jina la kazi nzima ya kusaga na kusambaza chakula. Kwa hiyo usirudi Dar ukamwambia daktari kwamba wengu wako ni dhaifu. Utapelekwa ultrasaundi bure.

Aliyeshikilia jambo hili kuliko wote ni tabibu Li Dongyuan, aliyezaliwa mwaka 1180 na kufariki 1251. Mwaka 1232 Wamongolia waliuzingira mji wa Kaifeng, na watu wakafa wengi mno. Matabibu wenzake waliwapa wagonjwa dawa kali za kufukuza ugonjwa uliotoka nje. Yeye akabisha: watu hawa wamelala njaa, wamechoka, wameishi kwa hofu, kilichoharibika ni matumbo yao. Akajenga tiba yake juu ya kulisha tumbo na kulipasha moto, na michanganyiko yake inauzwa madukani mpaka leo. Ukisoma habari zake utaona hakuwa mtu wa makatazo matupu. Aliuliza kwanza mgonjwa anaishije.

Sababu ya pili haihusu wengu hata kidogo. Maji ya bomba ya China hayanywewi bila kuchemshwa, na tangu kampeni ya afya ya mwaka 1952 serikali iliwahimiza wananchi kuchemsha maji. Kuchemsha kunaua vijidudu. Ndiyo maana kwenye treni zao behewa linakuwa na bomba la maji yanayochemka, na mzee haachi chupa yake ya maji moto nyumbani.

Sasa sayansi ya hospitali. Maji baridi hayazimi kitu chochote. Mwili unayapasha moto wenyewe baada ya muda mfupi. Lakini wapo wenye matumbo mepesi kukasirika, na hao wakishushia mlo wa mafuta kwa kinywaji cha barafu, msokoto wanaoupata ni wa kweli. Huenda wewe ni mmoja wao. Hata hivyo, kwa barua yako, mimi naanza na ile saa nne ya usiku. Unashinda njaa, unakula mlo mmoja mkubwa wa mafuta, unalala nao. Guangzhou uji wa mchele unauzwa asubuhi kila mtaa. Kunywa bakuli kabla hujaingia sokoni, usiku kula nusu ya unachokula sasa, na soda iache. Wenyewe husema shiba sehemu saba kati ya kumi.

Na utazame ulimi wako asubuhi kabla ya mswaki. Mwalimu wetu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, siku ya kwanza alitupanga mstari akatuambia tutoe ndimi hata kabla hajatuuliza majina. Kwa mwenzangu Mrundi alisimama muda mrefu. Akatuita tusogee: pembeni mwa ulimi kulikuwa na alama za meno, katikati utando mweupe, mzito, wenye majimaji. Akamwuliza anakunywa vinywaji vya friji mara ngapi kwa siku. Kijana akaanza kuhesabu kwa vidole, darasa likacheka. Aliyefuata ulimi wake ulikuwa wa kahawia, nasi tukajiandaa kusikia ugonjwa mkubwa. Mwalimu akamwambia aende akasukutue, amekunywa kahawa. Ulimi ni kidokezo tu, haujawahi kuwa kipimo cha maabara. Gesi na choo laini vikiendelea wiki kadhaa baada ya kubadili ulaji, kapime choo.

*Shangazi, habari za kazi. Nimejifungua mwaka jana na bado nanyonyesha. Mwili umeongezeka, rafiki yangu akaniuzia chai ya Kichina ya kutoa sumu tumboni. Kilo zilishuka haraka. Sasa nisipokunywa sipati choo kabisa, moyo unadunda na misuli ya miguu inakaza usiku. Niongeze paketi ya pili?*
*Mama Junior, Mbagala*

Mama Junior, usiongeze. Acha hiyo uliyonayo leo, na kesho asubuhi nenda kituo cha afya na boksi lake mkononi. Moyo kudunda na misuli kukaza kwa mtu anayeharishwa kila siku ni dalili za kupungukiwa potasiamu, na hilo halisubiri barua ya pili kwangu.

Nyingi ya chai hizi zina sanamaki, ileile ambayo bibi zetu walikupa mara moja ukifunga choo na hawakukurudishia. Nyingine zina mzizi wa dahuang, ambao ni dawa halisi ya Kichina na una nguvu. Zote mbili zinasukuma utumbo mpana kwa lazima. Ukizinywa kila siku, unazoea kusukumwa. Kilo zilizoshuka ni maji na choo, mafuta yako yapo palepale. Na "sumu" hiyo hawakuambii ni ipi, kwa sababu ini na figo zako zilikuwa zikifanya kazi hiyo bila kulipwa.

Nakasirika kidogo, nisamehe. Tabibu wa Kichina aliyesoma sawasawa hampi dahuang mama anayenyonyesha, tena kila siku, bila hata kumshika mapigo ya mkono. Kwake mama aliyejifungua amepoteza damu na nguvu, wengu wake umechoka, anatakiwa vya moto na laini: supu ya kuku yenye tangawizi, uji, tende nyekundu za Kichina. Hayo hayapishani na uji wa pilipili manga na supu ambazo akina mama wa Pwani huwapa wazazi. Aliyekuuzia boksi amechukua jina la tiba ya Kichina, akaiacha tiba yenyewe.

Tena hujui kilichomo. Sibutramine, dawa ya kukata hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo, na tangu hapo imekutwa mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza mwili zilizoandikwa "mitishamba tupu". Na lipo jambo la Brussels. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake waliokwenda kliniki ya kupunguza uzito huko walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mzizi mmoja ulibadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana, wa jamii ya Aristolochia. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Fangji na guang fangji: kwa mwuza duka ni kosa la neno moja.

Utumbo wako utachukua muda kurudi. Kula mboga za majani na papai, kunywa maji ya kutosha, tembea na mtoto mgongoni. Wachina humpa mwenye choo kikavu ufuta mweusi uliokaangwa na kusagwa; kijiko kimoja kwenye uji kinatosha, na wetu mweupe hautakudhuru. Kisha kaa chooni kila siku saa ileile, ukiwa na haja au huna. Kwa hesabu yao utumbo mpana una zamu yake kati ya saa kumi na moja na saa moja asubuhi. Siwezi kukuthibitishia zamu hiyo, lakini nimeona waliojizoesha kwenda chooni alfajiri wakifunguka.

Uzito tutauzungumza ukishapona. Mwaka mmoja baada ya kujifungua si kuchelewa.

*Mwanangu, nina miaka 68. Kichomi cha chembe cha moyo kinaniamsha usiku, nikila kinatulia. Natumia diklofenaki kwa ajili ya magoti. Kijana wangu aliyeko China kaniletea unga mweupe wa vidonda vya tumbo, anasema ni ngisi. Ni salama? Nisisahau, siku hizi choo changu ni cheusi.*
*Mzee wa Likoni*

Shikamoo mzee wangu. Mzee nilimpigia simu siku ileile, nikaongea na bintiye, wakaenda hospitali. Naichapisha kwa ajili ya wengine, maana sentensi iliyokuwa nzito kuliko zote aliiweka mwishoni.

Choo cheusi, kinachonata, chenye harufu kali, kwa mtu mwenye kichomi ni damu inayovuja tumboni mpaka daktari aseme vinginevyo. Wanaotumia vidonge vya madini ya chuma choo chao huwa cheusi pia, ila mzee hakuwa akivitumia. Kutapika damu, kupungua uzito bila sababu na chakula kukwama kooni ni vya kukimbilia hospitali vilevile.

Unga wenyewe ni dawa ya kweli, ule mfupa mweupe wa ngisi tunaouokota ufukweni, umesagwa. Sehemu yake kubwa ni kalsiamu kaboneti, inayopunguza makali ya asidi, kwa hiyo maumivu yanatulia. Hapo ndipo penye hatari: maumivu yanatulia na kidonda kinaendelea kuvuja. Vidonda vingi vina sababu mbili, bakteria wa Helicobacter pylori na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki. Barry Marshall wa Australia aliwanywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 ili watu wamwamini, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapata tuzo ya Nobel. Bakteria hao wanaondolewa kwa antibiotiki na dawa ya kuzuia asidi, na ukimaliza dozi unapimwa tena. Ngisi hawaondoi. Wala tangawizi, jamani, ambayo naona mnaisukumia kila mwenye vidonda. Wengine inawachoma zaidi.

*Shangazi, ni kweli Wachina wanatibu tumbo kwa karafuu zetu?*
*Msomaji, Wete*

Kweli kabisa. Kwao karafuu ni ya moto, inapasha tumbo na kuteremsha kinachopanda: kwikwi na kichefuchefu cha baridi. Kwa kwikwi huichemsha pamoja na kikonyo cha tunda la persimoni. Kipimo ni gramu 1 hadi 3 tu kwa siku. Wameijua zamani sana: inasimuliwa kwamba enzi za Han maofisa waliiweka mdomoni kabla ya kuzungumza na mfalme, pumzi inukie. Hizo zilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo; Pemba ilikuwa bado haijapanda mkarafuu hata mmoja. Katika orodha yao ya zamani ya dawa zisizochanganywa, karafuu imekatazwa kukutana na mzizi mmoja wa jamii ya manjano. Wapishi wetu wa biriani hawakushirikishwa. Mafuta ya karafuu usimnyweshe mtoto, yanaweza kuharibu ini.

*Shangazi tuandikie orodha ya vyakula vya moto na vya baridi, tuibandike jikoni.*
*Kikundi cha akina mama, Morogoro*

Orodha siandiki, kwa sababu mtaanza kumnyima mtoto ndizi. Chukueni mifano: tikitimaji, tango, ndizi, kaa na choroko ni vya baridi, mbuzi, tangawizi, mdalasini na pilipili manga ni vya moto, wali na yai viko katikati. Hapo hapimwi mtu joto kwa kipimajoto. Ni jinsi chakula kinavyoonekana kumfanya mlaji. Wachina wakila kaa huweka tangawizi, na msimu wa joto hunywa maji ya choroko zilizochemshwa. Sahani moja inasawazishwa, hakuna kilichofukuzwa jikoni.

Badala ya orodha, pikeni uji wao. Mchele kikombe kimoja, maji vikombe kumi, chumvi kidogo, moto mdogo kwa saa moja na nusu, mkikoroga mara kwa mara mpaka punje zipasuke na uji uwe mzito. Mwishoni tupieni vipande vya samaki vilivyokatwa vyembamba na tangawizi nyembamba, funikeni dakika tano. Wa Guangdong, jimbo lenye mji wa Guangzhou, hupenda kuweka chenpi, ganda la chenza lililokaushwa na kuwekwa miaka mitatu au zaidi. La kwenu likausheni juani tu, liwe bila ukungu. Unamfaa anayetoka kuumwa na mzee asiye na meno. Mwenye kisukari achukue bakuli dogo na samaki wengi, kwa sababu mchele uliopondeka hivyo hupandisha sukari haraka.