Pampu peke yake? Shekhe, usithubutu

Shekhe, nimesoma ulichoandika hadi chai imenipoa mkononi. Una Subaru Impreza WRX ya 1999, pampu ya maji yavuja, na fundi amekwambia mkanda wa taimingi, ule wa ndani unaopanga zamu za valvu na pistoni, "bado una nguvu", kwa hiyo abadilishe pampu tu na kesho uwe barabarani. Halafu umeuliza kama ununue pampu orijino au ya bei ya chini, kulanti, yaani maji ya rejeta, iwe ya rangi gani, na kama gari litafika Malindi Jumamosi. Hayo yangoje. Kwanza mwambie fundi aweke spana chini.

Hayo maneno nayajua. Niliambiwa mimi, vivyo hivyo, kwenye gereji moja upande wa Makupa ambayo siitaji kwa sababu mke wa fundi na dadangu ni majirani, na mimi bado nataka kualikwa pilau.

Kwenye Probox pampu iko nje, inazungushwa na mkanda wa nje, fundi anaibadilisha huku anakula mahamri. Hiyo injini yako, EJ20, siyo hivyo. Pampu imejificha nyuma ya kava na inazungushwa na mgongo wa mkanda wa taimingi wenyewe. Kuifikia lazima utoe feni, mikanda ya nje, puli ya krenki, kava, halafu mkanda na tensheni yake, kile kidude kinachoukaza. Ukifika hapo kila kitu kiko wazi mbele yako na kazi ya mikono umeshailipia. Kuurudisha mkanda wa zamani wakati huo ni kama kuoga halafu ukavaa nguo ile ile uliyobebea samaki.

Mimi niliivaa.

Pampu yangu ilianza kama yako, matone mbele ya injini, upande wa kushoto, asubuhi baada ya gari kulala. Pampu huwa na kitundu kidogo cha makusudi; sili ya ndani ikichoka, maji hutokea hapo badala ya kujaa kwenye beringi. Sasa kitundu chenyewe kiko huko huko nyuma ya kava. Maji yakitoka, mengine yanaanguka chini ukayaona, mengine yanarushwa juu ya mkanda na zile aidla, yaani magurudumu madogo yanayouongoza. Ziko tatu, na moja ina meno. Hiyo yenye meno tutarudi kwake.

(Nani aliiua pampu? Mimi. Kwa mwaka mzima niliongeza maji ya kisima cha Kisauni, maji ambayo hata chai inayakataa. Injini yote ya alumini, nami naimiminia chumvi. Tusilizungumze sana hili.)

Basi fundi akafungua. Akauchukua mkanda, akaumulika kwa tochi ya simu, akaubonyeza kwa vidole kama mtu anayechagua nyanya Kongowea. Akasema, "Huu ni wa Mjapani mwenyewe, huu utakuzika." Nikamuuliza na zile aidla je? Akaizungusha moja kwa kidole, ikazunguka, akacheka. Ati yeye anafunga injini hizi tangu Colin McRae, yule dereva wa rali, ashinde Safari na Subaru. Hiyo ilikuwa 1997, kwa hiyo nikaona huyu ni mzee wa kazi. Sikujiuliza wale waliofungiwa wako wapi leo.

Mkanda hauchaguliwi kwa macho. Nguvu yake iko kwenye nyuzi za ndani, na mpira wa juu unaweza kuwa mweusi safi huku ndani umekwisha. Kawaida yake ni kubadilishwa kwenye kilomita 100,000, na sisi gari limeshuka bandarini na kilomita ambazo ni Mungu na yule aliyeichezea saa ya kilomita ndio wanaozijua. Aidla ni vilevile. Ukiizungusha kwa kidole haina mzigo, itazunguka tu. Grisi yake imeshaoshwa na kulanti, lakini hilo utalijua injini ikifika mizunguko 5,000 kwa dakika.

Na tensheni! Kile kidude kina mafuta ndani. Kinabanwa kikiwa kimesimama wima, polepole, dakika 3 au zaidi, kisha unapitisha kipini cha milimita 2 kukizuia mpaka mkanda ukae. Yeye alikilaza kwenye vaisi akakikamua kama embe. Sekunde 5. Nilikuwa nimesimama pale pale, natazama, na nikanyamaza. Nilidhani ndio ufundi.

Seti kamili ya mkanda, aidla na tensheni ingeniongezea shilingi 19,000. Nikajiona mjanja kuziokoa. Hata jioni nilimnunulia fundi mishikaki.

Miezi 7 baadaye naenda Voi. Saa mbili usiku, kilima cha kupandia Mazeras, malori ya bandarini mbele na nyuma. Geji ya joto imetulia katikati, kwa hiyo moyo umetulia. Nikaweka gia ya tatu nipite lori moja. Nikasikia "trrrk" fupi, kama mtu amepasua kanga, kisha kimya. Siyo moshi, siyo kuchemka. Kimya tu, na honi za watu.

Nikapiga starta. Ikazunguka kwa wepesi mno, kama cherehani isiyo na kitambaa. Ukisikia mlio huo usirudie. Mimi nilimpigia simu fundi, akaniambia, "Hiyo ni fyuzi ya pampu ya petroli, endelea kujaribu." Nikaendelea kujaribu. Mara 11. Kwenye injini hii valvu na pistoni zinatumia nafasi moja kwa zamu, na mkanda ndio unaozipangia zamu. Ukiruka meno machache tu zinagongana. Kila nilipopiga starta nilikuwa nazigonganisha tena, kwa pesa zangu, kwa ushauri wa mtaalamu.

Breki dauni, injini ikashushwa, hedi zote mbili, zile zinazobeba valvu, zikafunguliwa. Ile aidla yenye meno ilikuwa imekwama kabisa, beringi imegeuka kahawia kama kahawa ya Mji wa Kale. Mkanda uliotakiwa kunizika haukukatika hata, uliruka tu. Valvu 9 kati ya 16 zimepinda. Valvu, gasketi za hedi, kuskimu (kusawazisha uso wa hedi), mkanda, aidla, tensheni, mafuta, kazi, na lile lori la kunibeba kutoka Mazeras: shilingi 217,000. Mama akaanza na ile ya usipoziba ufa. Nikamwambia mama, ufa niliuziba, kilichoanguka ni ukuta wa upande wa pili.

Na pampu yenyewe? Haina neno. Mpaka leo yapiga kazi.

Fundi nilimrudia. Akatazama valvu, akashika kiuno, akasema gari lilikuwa linakimbizwa sana. Linakimbizwa! Nyuma ya lori la makontena, Mazeras! Halafu akaniambia angenishauri nibadilishe aidla, ila aliona sina pesa. Mimi? Niliyemnunulia mishikaki?

Kwa hiyo wewe leo usimuulize kama mkanda bado mzuri. Mwambie ukifunguka haurudi, hata ungekuwa wa mwezi jana, kwa sababu umeshalowa kulanti. Mkanda, aidla zote tatu, tensheni, pampu, na thamostati, ile inayofungua na kufunga njia ya maji kufuata joto, kwa sababu inakaa hapo hapo chini ya pampu. Vyote siku moja. Pesa hazitoshi? Gari lilale hadi zitoshe, panda matatu, mimi nilizipanda miezi miwili na sikufa, ingawa kuna konda mmoja wa Mtwapa alikaribia kunimaliza.

Na wakati wa kufunga simama hapo. Kamshafti, zile fimbo zinazofungua valvu, za upande wa kushoto zikiwa kwenye alama zinakuwa zimebanwa na springi. Zikiponyoka zinajizungusha zenyewe na valvu zinaweza kugongana hata injini haijawashwa. Ukimwona anazipindua kwa nguvu bila kushikilia, piga kelele. Usinyamaze kama mimi. Kisha mgeuze krenki kwa mkono mizunguko miwili, alama zote zirudi mahali pake, ndipo mfunge kava.

Mimi niko Tudor, valvu moja iliyopinda nimeifanya ya kuning'inizia funguo. Kama fundi wako bado anabisha, mlete.