Msimu wa kwanza wa mtoto uwanjani: kwa mzazi anayetaka kumtoa mwanawe

Ndugu mtoa mada, umeeleza kwamba mwanao wa miaka 6 amecheza mechi tatu katika timu yake ya kwanza ya mpira wa miguu, kwamba muda mwingi husimama kando akiwatazama wenzake wakigombea mpira, na kwamba katika mechi ya mwisho aliomba kutoka huku akilia. Sasa unauliza kama umwondoe kabla msimu haujaisha. Binti yangu alipoanza kucheza alikuwa na umri huohuo, na hali yake ilifanana sana na hiyo, kwa hiyo nitakueleza niliyoyaona.

Watoto wa umri huo kukimbia wote pamoja nyuma ya mpira si dalili ya mafunzo mabaya. Bado hawawezi kufuatilia kwa wakati mmoja mpira, wenzao, wapinzani na nafasi iliyo wazi. Ndiyo maana nchini Marekani, kwa mfano, watoto wa chini ya miaka 8 huchezeshwa wanne kwa wanne bila kipa, kwa mpira namba 3, wenye mzunguko wa takriban sentimita 58 hadi 60, ilhali namba 5 wanaotumia watu wazima una sentimita 68 hadi 70. Timu ikiwa ndogo, kila mtoto hufikiwa na mpira mara nyingi. Kama mwanao anachezeshwa saba kwa saba katika uwanja mpana, kusimama kwake kando si ajabu hata kidogo, kwa sababu kila anapoukaribia mpira hukuta miguu ya wenzake imeshatangulia. Mwombe kocha, kwa upole, awagawe katika vikundi vidogo zaidi mazoezini, na kwa sehemu ya muda kila mtoto awe na mpira wake.

Hata hivyo, lililomkwamisha binti yangu halikuwa hilo. Kwenye mechi ya nne au ya tano niligundua kwamba kila alipopata mpira alisita, akageuka kunitafuta kwa macho pale pembeni mwa uwanja, ndipo akapiga, na mara nyingi mpinzani alikuwa ameshamnyang'anya. Alikuwa akisubiri maelekezo yangu. Tangu mechi ya kwanza nilikuwa nikipaza sauti, "Piga! Toa pasi! Rudi nyuma!", nikiamini kwamba ninamtia moyo, wakati kocha wake alikuwa akimfundisha kuukokota mpira bila kuogopa kupokonywa. Mtoto mdogo akipewa amri mbili zinazopingana na watu wawili anaowaheshimu, hachagui, husimama. Nilipomwuliza nyumbani, alinijibu kwamba akikosea mimi hukunja uso. Sikuwa na habari kwamba nafanya hivyo, na jibu lile liliniuma kwa siku nyingi.

Mechi iliyofuata nilisimama upande wa pili, mbali na benchi la timu, nikaazimia kutosema lolote mpira ukiwa mchezoni, isipokuwa kupiga makofi, tena kwa watoto wa timu zote mbili. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Siku hiyo aliendelea kunitafuta, akaniona nimenyamaza, akazidi kusita. Zilipita mechi mbili zaidi kabla hajaacha kugeuka. Hakufunga bao lolote msimu mzima, lakini alianza kuukimbilia mpira aliopokonywa badala ya kuinamisha kichwa, nami niliridhika kabisa. Niliacha pia kumchambulia mchezo tukiwa njiani kurudi.

Yako pia mambo madogo yanayofanana na uoga. Nilimnunulia njumu zilizomzidi ili zimfae hata msimu unaofuata, zikamchubua visigino, na kwa wiki mbili nikadhani hapendi kukimbia. Vikinga vya ugoko vikiwa vikubwa navyo huteleza na kumkera mtoto.

Kuhusu kumtoa, ningemtoa siku hiyohiyo, bila kuona haya, endapo kocha anawatukana au kuwatisha watoto, au endapo mwanao anakosa usingizi kila usiku wa kuamkia mechi. Vinginevyo ningemwacha amalize, baada ya kumhakikishia kwamba akichoka anaweza kumwomba kocha apumzike na hakuna atakayemkasirikia. Usimwulize siku ya mechi ya mwisho kama atarudi, kwa kuwa atakujibu kulingana na matokeo ya siku hiyo. Mimi nilinyamaza kwa wiki tatu, nikiwa tayari kukubali hata kama asingelitaja tena jambo hilo, mpaka alipoutoa mpira chini ya kitanda mwenyewe akaniuliza mazoezi yanaanza lini.