Kasuku: asubuhi mboga, magharibi mbegu
Dada yangu, umeuliza umpangie vipi chakula kasuku wako wa kijivu hapo Jang'ombe, kwani kutwa anakula alizeti tu. Alizeti ina mafuta mengi, vitamini A na kalsiamu haba, na kasuku wa kijivu akipungukiwa kalsiamu huweza kushikwa na kifafa. Mpe mboga asubuhi mapema, akiwa na njaa: mchicha, karoti na boga vilivyokatwa vidogo vidogo, na kipande cha papai au embe. Baada ya muda wa saa mbili tangu umpe, ondosha kilichobaki, kwa joto letu hili kinachacha upesi. Kabla ya magharibi ndipo umpe mtama na ulezi, alizeti punje chache za kumtuza tu. Maji badilisha asubuhi na jioni.

Mbegu usimkatie ghafla, tafadhali. Kasuku huona bora akae na njaa kuliko kula asichokijua. Wangu alikataa mboga wiki mbili, mpaka aliponiona mie natafuna karoti mbele yake. Na parachichi, hilo embe mafuta letu, usimpe hata kidogo, linaua ndege. Chokoleti na kahawa vilevile.