Maswali ya wasomaji: Leseni ya baa imepita baraza gani, mbona sikuisikia?

Mwezi huu mmeniandikia sana mambo ya halmashauri, nimechagua barua nne kwa sababu ukizisoma vizuri zote zinauliza kitu kimoja, hivi anayeamua ni nani na anaamulia wapi. Nimeripoti mabaraza ya madiwani miaka mingi kwa hiyo haya naongea kwa nilichokiona.

SWALI: Shikamoo dada. Naishi Tabata, nimepanga, nina watoto watatu. Nyuma ya ukuta wetu kuna jamaa alifungua grosari ndogo, taratibu ikawa baa kabisa, spika mbili kubwa zimeelekezwa kwetu, na kutoka pale hadi chekechea ni kama hatua arobaini tu. Jirani akasema leseni yake itapitishwa kwenye baraza la madiwani basi nikaomba ruhusa kazini nikaenda, nimekaa pale tangu saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana na ile baa haikutajwa hata mara moja. Wiki iliyofuata jamaa kabandika leseni mpya ukutani! Imepita saa ngapi na mimi nilikuwepo? – Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hakuna kilichokupita pale ukumbini. Baa haikutajwa kwa sababu baraza zima halikai kujadili leseni ya mtu mmoja mmoja, jirani yako alikuelekeza kwenye mlango wa kutokea wakati wewe ulitakiwa ule wa kuingilia.

Iko hivi. Leseni ya biashara ya kawaida, duka, saluni, stoo ya vifaa, inatoka ofisi ya biashara iliyo chini ya mkurugenzi kwa Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, ukikamilisha masharti unapewa, hakuna diwani anayeipigia kura. Kileo ni habari nyingine, kina sheria yake ya mwaka 1968 na kina kikao chake cha leseni za vileo, na kabla ombi halijafika huko linakuwa limeshazunguka: serikali ya mtaa inasema kama inamtambua huyu mtu na eneo lake, mtendaji wa kata anaweka maoni na muhuri, afisa afya anaenda kuangalia choo na maji na majengo yenyewe, polisi nao wana lao la kusema. Hiyo fomu ikifika kwenye kikao ina mihuri ya watu wote hao, na wajumbe wakiiona imejaa mihuri na hakuna karatasi hata moja ya kupinga wanaona wananchi wameridhia. Sasa wewe na majirani mlikuwa mmenuna tu kila mtu nyumbani kwake na hilo halionekani popote kwenye faili.

Baraza la madiwani linakuja mwisho kabisa. Mikutano ya kawaida ni ya robo mwaka, yaani mambo ya Julai mpaka Septemba unayasikia Oktoba au Novemba huko, na linachofanya kwa sehemu kubwa ni kupokea taarifa za kamati zake, Fedha na Uongozi, Uchumi Afya na Elimu, Mipango Miji na Mazingira. Ngoja nikuonyeshe inavyokuwa maana niliiona kwa macho. Kuna siku nilikaa nyuma ya diwani mmoja mama mtu mzima kwenye ukumbi wa halmashauri moja, kila diwani ana kabrasha mbele yake nene kama matofali mawili, Mstahiki Meya anasema "muhtasari wa kamati, ukurasa wa kwanza... wa pili... wa tatu...", anataja kurasa tu, ukumbi kimya, feni zinazunguka, karatasi zinafunuliwa shwaa shwaa, mwenye hoja anasimama kwenye ukurasa wake, asiposimama mtu ukurasa umepita. Kurasa arobaini na kitu zilikwenda kwa muda wa mtu kunywa chai! Yule mama alikuwa amekunja pembe za kurasa zake tano, na alisimama kwenye zote tano, nikajua huyu amesoma nyumbani. Jambo lako kama lilikuwemo siku ile basi lilikuwa ni mstari mmoja kwenye jedwali, "maombi ya leseni za vileo yaliyopokelewa, yaliyokubaliwa", namba tu bila jina.

Kwa hiyo nini ufanye sasa. Kwanza isome hiyo leseni iliyobandikwa, soma aina yake na tarehe ya kuisha. Leseni za vileo kwa miaka mingi zimekuwa zikikatwa kwa nusu mwaka nusu mwaka, Aprili mpaka Septemba halafu Oktoba mpaka Machi, kwa hiyo mtu akipata leo haina maana kapata milele, anarudi tena kuomba na hapo ndipo faili linafunguliwa. Na aina ina maana yake, mwenye leseni ya kuuza chupa mtu akanywee kwake si sawa na mwenye ruhusa ya kuweka viti na muziki, na wewe umesema ilianza grosari ikawa baa, hapo mimi ningeanzia.

Pili andikeni barua, na isiwe ya kwako peke yako. Majirani wasaini kila mtu na jina na namba ya nyumba, mwalimu mkuu wa chekechea aandike ya kwake kivyake kwenye karatasi yenye kichwa cha shule, peleka kwa mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, afisa biashara, nakala kwa diwani. Toa fotokopi na usiondoke masijala mpaka nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nasisitiza hili la muhuri kwa sababu nimeona wamama wanalia mlangoni kwa ofisa kwamba walishalalamika mara nne, na walilalamika kweli, ila mara zote nne ilikuwa kwa mdomo.

Tatu kelele ni kesi yake. Leseni ya kuuza bia haimpi mtu ruhusa ya kuwanyima wenzake usingizi, kuna kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira, NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, wanazisimamia na afisa mazingira wa halmashauri yako naye anahusika. Andika kwenye daftari tarehe na saa, "Jumanne saa saba usiku, muziki mpaka saa tisa", wiki mbili tu zinatosha kumfanya ofisa aione shida kama wewe unavyoiona. Na kabla ya yote hayo, kama mnaongea, nendeni watu watatu wazima mkamwombe ageuze spika. Naye ana wahudumu wanaokula pale, na wapo wenye baa wanaosikia mapema, akikataa hata hilo nalo unaliandika kwenye barua.

SWALI: Mambo vipi dada, mimi ni kinyozi Igoma, Mwanza. Nimeomba leseni kwenye TAUSI, ule mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, imerudishwa, sasa kuna kaka mmoja anashinda pale nje ya ofisi kasema nimpe elfu sabini anamalizia kila kitu maana eti kikao cha leseni kinakaa Ijumaa na nikikosa hicho nitasubiri miezi mitatu. Nimpe? – Kinyozi

JIBU: Usimpe kaka yangu, hata mia. Hicho kikao cha Ijumaa hakipo. Nimeshaeleza hapo juu, leseni ya saluni haingojei kikao cha madiwani, amechukua habari ya baraza la kila robo mwaka akaichanganya na leseni yako ili akutie haraka, na haraka ndiyo inayomtoa mtu hela mfukoni.

Leseni za biashara ziko makundi mawili, kundi A zinatolewa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na kundi B zinatolewa na halmashauri, kinyozi uko B. Inadumu miezi 12. Malipo yake yanafanyika kwa kontroo namba tu ambayo mfumo wenyewe unakutolea, unalipa benki au kwa simu na risiti inakuja, hakuna hatua hata moja ambayo mtu anapokea noti mkononi. Sasa imerudishwa kwa nini? Fungua ombi lako usome maelezo, wengi wanaona limerudi wanafunga hapo hapo bila kusoma. Mara nyingi ni vitu vya kawaida kabisa: TIN imesajiliwa sehemu nyingine na fremu iko sehemu nyingine, cheti cha uthibitisho wa kodi cha TRA kimepitwa na wakati au hakikupandishwa, mkataba wa pango hauna saini ya mwenye nyumba, jina la biashara linatofautiana herufi na lile la kwenye cheti cha BRELA. Mwenzako mmoja wa mkoa huo huo aliniandikia mwaka jana alihangaika wiki tatu kumbe alipiga picha mkataba kwa simu gizani, hausomeki! Akaupiga tena mchana nje ya duka na leseni ikatoka.

Ukikwama ingia ndani uliza dirisha la afisa biashara, usiulizie nje. Nenda asubuhi na karatasi zako halisi pamoja na simu yenye lile ombi. Na huyo kaka wa nje, mtaje huko ndani. Najua mtu anaogopa kuonekana mchongezi ila kesho atamshika mama ntilie ambaye elfu sabini ndiyo mtaji wake wote, na hilo mimi linaniuma sana.

SWALI: Sisi wenye vibanda hapa Arusha tumeletewa ushuru wa taka mpya, umepanda na hatujaulizwa. Diwani anasema ni sheria. Na je anaweza kutupunguzia ada ya leseni? – Wenye vibanda

JIBU: Naanza na la pili maana ni fupi, hawezi. Ada za leseni ziko kwenye jedwali la sheria ya nchi, baraza halina mamlaka ya kuzipandisha wala kuzishusha, akija mgombea akawaahidi hilo muulizeni atalifanya kwa kifungu gani.

Taka ni tofauti, ushuru wa taka, vizimba vya soko, machinjio, hivyo vinawekwa na sheria ndogo za halmashauri yenyewe, na sheria ndogo haishuki usiku mmoja. Inaandaliwa rasimu, kunatolewa tangazo ili wananchi wapeleke maoni na pingamizi, inapita kamati, inapita baraza, inakwenda kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kuidhinishwa, halafu inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo mkiambiwa "ni sheria" ombeni namba ya tangazo la serikali na nakala. Ikiwepo someni jedwali lake, mara nyingine kibanda kimeandikiwa bei moja na mkusanyaji anatoza ya duka. Isipokuwepo, hapo mna hoja nzito na diwani wenu anatakiwa aipeleke kwenye kamati kwa maandishi. Tatizo la hilo tangazo la maoni ni kwamba linabandikwa ubaoni ofisi ya kata kwa karatasi moja ya A4 katikati ya matangazo ya viwanja na chanjo, nani analiona? Mimi naona wenye vibanda mngechagua mtu mmoja akawa anapita pale kila Jumatatu, apige picha ubao mzima awatumie kwenye grupu lenu. Ni dakika tano, na mngelijua hili mapema kuliko mkusanyaji kuja na kitabu cha risiti.

SWALI: Mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuingia kwenye baraza na kusimama kuongea? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Kuingia unaruhusiwa, mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi na waandishi isipokuwa pale baraza linapojigeuza kamati kujadili jambo la siri kama nidhamu ya watumishi, hapo mtaombwa mtoke. Kuongea hapana, wanaoongea ni madiwani, pamoja na mbunge ambaye naye ni mjumbe, na wataalamu wakiulizwa. Ukisimama utakalishwa.

Ila sehemu nyingi siku ya kwanza ya mkutano ni ya taarifa za kata, kila diwani anasimama anasoma ya kwake, barabara imekatika wapi, zahanati haina dawa, baa iko karibu na shule. Ile taarifa inatoka kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na pale kata mjumbe mmojawapo ni mwenyekiti wako wa mtaa ambaye pengine unakutana naye dukani kila jioni. Muulize kamati inakaa lini, mpe karatasi yako siku tatu kabla. Halafu siku ya baraza nenda ukakae nyuma na kalamu, usikilize kama aliisoma.