Uliniuliza habari za Waayalandi

Mwanangu,

Sisi hatujambo, ila baba yako magoti. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema bibi jirani yako hapo Dublin hakosi misa ya Jumapili, na bado mwaka 2015 alipiga kura ya ndiyo, mwanamume aruhusiwe kuoa mwanamume mwenzake, na asilimia 62 ya wapiga kura wakawa upande wake. Sasa unauliza: ni utajiri uliowageuza, au dini imewatoka?

Baba yako alinikata kauli kabla sijamaliza kumsomea. Si pesa, anasema, yeye kakaa Muscat, pesa kaziona. Mbona Qatar na Kuwait zinaogelea katika pesa na hawajageuka? Nikamwambia pesa ya kisima cha mafuta haimtoi kijana kwa wazazi wake. Mshahara ndio humtoa. Akishapanga chumba chake mjini, shangazi hana tena cha kumtishia. Akanyamaza, ila hakukubali.

Na ule uchunguzi wa 2013 ulionitumia, wa Pew, wale watafiti wa Marekani, wa nchi 39? Kwa jumla nchi zenye mali na zisizoshika dini sana ndizo zinazowakubali zaidi watu wanaopenda wa jinsia yao, majirani zetu Kenya ni 8 tu kwa mia. Haya. Ila Ufilipino, wasio matajiri na makanisa yanafurika, 73. Urusi, ambako dini haina nguvu hivyo, 16. Na wale wanaosema mambo haya yameletwa na Mzungu! Alichotuletea Mzungu kwa yakini ni kifungu cha sheria cha kuliadhibu tendo lenyewe. Waayalandi nao waliachiwa na Mwingereza, wakakifuta 1993. Sisi Tanzania chetu, cha 154, mwaka 1998 tukakiongezea makali, kifungo kisipungue miaka 30.

Lakini mimi nilikwambia tangu mdogo, mtu utamjua msibani.

Unamkumbuka mpambaji wetu, jina lake sitaliandika. Alikuvika kikuba cha asumini siku ya Maulidi ukakataa kukivua hata kulala. Mtaani walimwita shoga, kwa lile neno letu sisi wanawake tunaloitana kwa mapenzi, ila wao walilitema. Alipofariki bibi yako zilikuwa zile mvua za El Niño, barabara zimekatika, wapishi hawakufika. Yeye ndiye aliyekuja, maji magotini, sufuria kubwa mbili kichwani. Aliwasha kuni mbichi chini ya turubai mpaka macho yakamvimba. Wanaume waliokuwa wakimsonya walikula ubwabwa wake, wakaongeza. Usiku nilimkuta uani anakwangua ukoko peke yake, analia kuliko mimi niliyefiwa.

Miaka minne baadaye akafa yeye. Nilivaa, nikatia kanga ya msiba mfukoni, nikafika pale kona ya kinu. Barazani hapakuwa na watu kumi. Dirishani kwa jirani wanawake wamejipanga, wanahesabu nani anaingia. Nikageuza. Nikasema presha imepanda.

Ingekuwa nina pesa ningeingia? Ndilo ninalojiuliza tangu barua yako ije. Wakati ule nilikuwa nauza maandazi kwa wanawake walewale wa dirishani, na ada yako ya shule ilitoka humo. Kwa hiyo labda ni pesa. Lakini hapana, mke wa mwenye duka alikuwa na pesa za kutosha, naye hakwenda. Basi ni dini? Imamu alikwenda! Alimswalia, akabeba jeneza, na Ijumaa iliyofuata akahutubia palepale kwamba lile tendo ni haramu. Naamini hivyo mpaka leo, mwanangu, usinitarajie niandike vingine. Ila yeye alikwenda na mimi nikageuza pale kona, na aliye sahihi mbele ya Mungu kati yetu wawili... acha, nisimsemee Mungu.

Sufuria moja halikurudishwa, liko stoo. Idi hii nimelipikia. Baba yako akauliza limetoka wapi, nikamjibu la marehemu mama.

Huko baridi imeanza, vaa soksi.

Mama yako