Kwa mnaoanza chumba cha hogo: vidole kwanza, mfupa baadae

Wadogo zangu mnaoanza zamu za dharura na chumba cha kufungia hogo hapa Dar, nawaandikia haya kwasababu mikono iliyovunjika mtaiona sana. Kijana kadondoka na bodaboda Buguruni, mama kateleza bafuni, mtoto kaanguka toka kwenye mwembe, na karibu wote wamefanya kitu kilekile, wametanguliza kiganja chini ili wajikinge. Wengi mkifika mnadhani kazi ni kunyoosha mfupa mpaka picha ipendeze. Ni kazi ndio, lakini mimi nataka mshike vidole kabla ya picha. Mfupa uliokaa vibaya leo unaweza kurudiwa wiki ijayo, ila misuli ya mkono ikikosa damu kama masaa sita inaanza kufa na haifufuki, mtoto anabaki na vidole vilivyojikunja maisha yake yote. Daktari Volkmann wa Ujerumani alishayaeleza haya tangu 1881 na mpaka leo bado yanatokea, mara nyingi ni kwasababu ya kitambaa kilichokazwa na mtu mwenye nia njema.

Kwahiyo mgonjwa akikaa tu, kabla hata hujaandika fomu ya eksirei, toa pete, bangili, saa, na shanga za mtoto. Pete ya ndoa watu wanaionea huruma, paka sabuni uivute taratibu, ikigoma ikatwe, muelezeni vizuri ataelewa. Alafu bonyeza kucha uachie, damu irudi ndani ya sekunde 2, tafuta mapigo, linganisha na mkono wa pili. Baada ya hapo mishipa ya fahamu: muombe akupe dole, afanye duara kwa kidole gumba na cha shahada, alafu apishanishe kidole cha shahada na cha kati. Mtoto mfanyie kama mchezo, fanya wewe kwanza atakuiga. Muulize na ganzi kwenye ncha za vidole. Yote hayo YAANDIKE na saa uliyoyaona, maana ukishafunga akakwambia anahisi ganzi utataka kujua ilikuwepo toka mwanzo au umeileta wewe, na bila maandishi hutojua.

Eksirei iwe picha mbili, ya mbele na ya ubavu, na ioneshe kiwiko na kifundo cha mkono vyote viwili. Nasisitiza vyote viwili. Ukiona alna, ule mfupa wa upande wa kidole cha mwisho, imevunjika peke yake na imepinda, nenda ukatafute kichwa cha radiasi, mfupa wa upande wa kidole gumba, pale kwenye kiwiko kama kimechomoka, hiyo ni Monteggia. Ukiona radiasi peke yake imevunjika na kupinda, angalia kiungo cha chini karibu na kiganja, hiyo ni Galeazzi. Picha iliyokatwa katikati ya mkono inawaficha wote wawili, na mtu anakuja baada ya miezi kiwiko hakikunji. Daktari Colles kule Dublin aliuelezea mvunjiko wake, ule wa radiasi karibu na kifundo cha mkono, mwaka 1814 wakati eksirei imegunduliwa 1895, yaani alikuwa anatumia macho na vidole vyake tu, kwahiyo hata mashine ikiwa imeharibika usiku bado una cha kufanya.

Na kuna huyu anayewaponyoka wengi, skafoidi, kifupa kidogo cha kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Kijana kaanguka, picha safi kabisa, ila ukibonyeza kile kishimo cha chini ya kidole gumba anaruka. Usimrudishe nyumbani na panadol. Mfunge pamoja na kidole gumba, rudia picha baada ya siku 10 mpaka 14. Ule mfupa unapata damu yake kupitia upande wa mbele unaoelekea vidole, ukikatika katikati kipande cha nyuma kinaweza kufa kimyakimya.

Sasa kufunga. Colles ya mtu mzima inavutika vizuri kwa lignokeni, dawa ya ganzi, inayochomwa palepale kwenye mvunjiko, vuta kwanza uone damu ndio ujue umefika, alafu usubiri dakika 10 kabla hujagusa, tusiwe na haraka ya kuumiza watu. Angalia chupa imeandikwa 1% au 2%! Kiwango ni mg 3 kwa kilo, mama wa kilo 50 ni mg 150, hiyo ni ml 15 za 1% lakini ni ml 7.5 tu za 2%. Watoto wanaohitaji kuvutwa waachieni wenye uzoefu wa ketamini, dawa ya usingizi. Msaidizi ashike juu ya kiwiko kikiwa kimekunjwa, vuta kwa dakika kadhaa bila kushtua, ndio urudishe.

Hogo zima la kuzunguka usilifunge siku ya kwanza. Funga slabu, yaani hogo la upande mmoja lisilozunguka, matabaka 8 mpaka 10, mkono utavimba siku mbili tatu za mwanzo na lazima uwe na pa kuvimbia. Maji yawe ya kawaida, sio ya moto, hogo lenyewe linatoa joto likiwa linakauka na linaweza kumuunguza. Pamba ya kutosha, hasa kwenye kile kinundu cha alna. Mbele iishie kwenye mikunjo ya kiganja ili vidole vikunjike ngumi, na kifundo usikikunje sana kwa kulazimisha, unaubana mshipa wa fahamu. Na yule mzee wa chumba cha hogo, aliyefunga mikono toka nyie mko shule ya msingi, muamkieni, mkae pembeni yake muangalie vidole gumba vyake anavyofinyanga, hayo vitabuni hamna.

Kidonda chochote juu ya mvunjiko, hata kama ni tundu la sindano tu linalochuruzika damu, kihesabuni kama mfupa umetoka nje. Antibayotiki ndani ya saa moja, sindano ya pepopunda, muite mkubwa. Mtu mzima aliyevunja mifupa yote miwili ya mkono hogo halimtoshi, ni vyuma thieta, mfunge slabu ndefu inayopita kiwiko umpe rufaa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, au kwenye hospitali ya mkoa yenye daktari wa mifupa.

Alafu anaenda nyumbani, na hapa ndio mimi naona tunawapoteza watu. Nyumbani ni Chamazi, ni Bunju, foleni unaijua. Usimwambie tu "ukiona tatizo rudi". Mwambie: maumivu yakizidi hata baada ya dawa, ukinyooshewa vidole ukaumia sana, vikiwa na ganzi, vikibadilika rangi, usisubiri kliniki wala asubuhi, nenda kituo chochote cha karibu wafungue. Kufungua ni kukata bandeji NA pamba mpaka uione ngozi, urefu wote, maana pamba iliyoganda damu inabana kama hogo lenyewe. Muombe akurudishie maneno yako. Na ongea na aliyemleta, mama mkwe au shangazi, maana usiku huo yeye ndio ataamua kuondoka au kungoja. Kuhusu mafundi wa viungo msiwakejeli mbele ya mgonjwa, ukimkejeli ataenda tu na hatokwambia, bora umwambie wazi asikubali kufungwa vijiti vya kukaza. Mwambie pia asichokonoe kwa njiti ya mwavuli, joto la Dar linawasha kweli, ila kidonda ndani ya hogo hakionekani mpaka kinuke.

Vidole, kiwiko kama hakijafungwa, na bega vifanyishwe kazi toka siku ya kwanza. Picha kila wiki kwa wiki mbili za mwanzo kama ulivuta, maana ikihama baada ya wiki tatu kuirudisha ni shughuli. Hogo likae kwa mtu mzima wiki 5 mpaka 6, mtoto mvunjiko mwepesi 3 mpaka 4. Akirudi baadae kabisa hawezi kunyanyua kidole gumba, kano inayokinyanyua imekatika, hutokea hata kwa mfupa ambao haukuhama, mpeni rufaa.

Na yule mama aliyeteleza bafuni, kama hedhi ilishakoma, mfupa wake huo umetoa taarifa kwamba mingine nayo imepungua nguvu, na unaofuata mara nyingi ni nyonga. Usimalize naye kwa kutoa hogo tu, mpeleke akaangaliwe mifupa, ongea na watoto wake kuhusu taa ya usiku, sakafu ya bafu na malapa yaliyoisha soli.