Hita gani iingie kwenye hema la kuvulia juu ya barafu?

Swali: Fundi, hujambo? Naishi Brooklyn Park, Minnesota, na huu ni mwaka wangu wa pili. Kwetu ni Kisumu na uvuvi nimeuona tangu utotoni, lakini Januari hii wenzangu wa kazini wananipeleka ziwa Mille Lacs tutoboe barafu tutafute samaki aitwaye walleye. Nimenunua hema la kukunja la watu watatu, turubai moja tupu, mita 1.8 kwa 1.8, urefu mita 2. Dukani wananisukumia hita yenye nguvu ya joto ya BTU 18,000 kwa saa. Rafiki yangu ana ile ya kichwa kinachofungwa juu ya mtungi mkubwa wa gesi, na anasema hiyo ndiyo dawa. Mimi nina jiko dogo la kambini la mkebe wa butani. Mke wangu naye anauliza kwa nini nisibebe jiko la makaa, tumalizane. Nichukue lipi? Na je, naweza kulala humo?

Jibu: Sijambo, kaka. Nianze na la shemeji, maana ndilo linaloua. Makaa yakishakolea hayatoi moshi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Bado yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Nyumbani tumezisikia habari za familia zilizoingiza jiko chumbani usiku wa mvua, asubuhi majirani wakavunja mlango. Hema lililofungwa zipu ni chumba kidogo kuliko hicho. Makaa yabaki nyumbani, na msiyajadili tena.

Jiko lako la mkebe nalo hutoa gesi hiyo likiwaka ndani, ila kwenye baridi ya ziwani litakuaibisha kwanza. Gesi iliyomo ni kimiminika, na ili iwake ni lazima kwanza ichemke igeuke mvuke. Butani huchemka karibu na nyuzi 0 za Selsiasi. Asubuhi ya nyuzi -20 ziwani, itatulia mkebeni kama maji kwenye chupa, ufungue vali hadi uchoke. Propani huchemka kwenye -42, ndiyo maana karibu hita zote za wavuvi wa barafu unazoziona dukani zinatumia propani.

Sasa ukubwa. Wauzaji hutaja BTU kama wauza magari wanavyotaja nguvu za farasi, lakini hesabu yako unaweza kuifanya mwenyewe. Kuta nne na paa la hema lako ni kama mita za mraba 17.5. Turubai moja, kwa makadirio tunayotumia mafundi, hupoteza kama wati 6 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Nje ikiwa -20 na ndani ukitaka 5, joto la kuvua koti ukabaki na sweta, tofauti ni nyuzi 25. Zidisha: wati 2,600 na ushee, yaani karibu BTU 9,000 kwa saa. Ndiyo hiyo tu. Hema lenye kuta za pamba katikati lingepunguza hesabu hiyo kwa karibu nusu. Kwa hiyo kama risiti bado unayo, rudisha hilo turubai, na pesa ya hita kubwa uiongeze kwenye hema lenye pamba. Utakaa na joto lilelile kwa nusu ya gesi.

Nasisitiza nusu ya gesi kwa sababu hita hizi hazina bomba la kutolea hewa chafu. Kila zinachochoma kinabaki humo humo na wewe, hewa chafu na maji pia. Mkebe mmoja wa propani wa ratili moja, gramu 454, ukiungua wote hutoa karibu robo tatu ya lita ya maji kwa njia ya mvuke. Msimu wangu wa kwanza sikulijua hilo. Niliwasha hita kubwa, nikafunga kila tundu, nikajiona mjanja. Baada ya saa mbili paa lilikuwa linadondosha matone shingoni, moja baada ya jingine, na nilipotoka kwenda kwenye gari koti liliganda mwilini kama ubao. Mkono haukukunjika kwenye kiwiko. Kichwa nacho kilikuwa kinanigonga. Nilidhani ni njaa.

Hita ya BTU 18,000, basi, siyo yako. Humo ndani itakuchemsha, utaizima, utaganda, utaiwasha tena, na kila mara itakuwa imekunyeshea. Ya rafiki yako ya kichwa juu ya mtungi inapasha vizuri sana, sikatai, ila nyingi za aina hiyo zimeandikwa zitumike nje tu, kichwa chenyewe ni moto mtupu ulio usawa wa bega la mtu aliyeketi, na mtungi wa kilo 9 umekaa chini yake ndani ya hema. Mtu akivuta samaki kwa furaha akaipiga kiwiko, turubai hilo la nailoni litawaka kabla hujaipata zipu.

Chukua hita ya kuota, ile yenye uso unaong'aa mwekundu, ya ngazi mbili: BTU 4,000 na 9,000. Hakikisha kwenye boksi wameandika inaruhusiwa ndani ya hema au kibanda, ina swichi ya kujizima ikianguka, na ina kihisi cha upungufu wa oksijeni. Kihisi hicho huizima hita oksijeni ikishuka hadi karibu asilimia 18 kutoka 21 ya kawaida. Ila kielewe vizuri: kinapima oksijeni, hakinusi kaboni monoksaidi. Kwa hiyo nunua na alamu ya kaboni monoksaidi, ya aina inayotengenezwa kwa magari ya kambi, kwa sababu nyingi za nyumbani hazikukusudiwa baridi ya ziwani. Iwekee betri za lithiamu na uitundike usawa wa uso ukiwa umeketi. Ikilia, toka kwanza. Hita utaizima baadaye.

Acha tundu moja la hewa wazi juu na jingine chini, muda wote hita inapowaka. Najua inauma kuachia joto ulilolinunua. Baba zetu waliwasha karabai mtumbwini usiku kucha wakivua omena na hakuna aliyelalamika kichwa, kwa kuwa walikuwa na upepo wa ziwa zima. Wewe una mita za ujazo sita na nusu.

Gesi: mkebe wa ratili moja kwenye BTU 9,000 unakupa saa mbili na dakika chache, kwenye 4,000 saa tano hivi. Kwa siku nzima beba minne. Utaona mkebe unaota theluji nyeupe kuanzia chini, na uso wa hita unafifia ingawa ukiutikisa unasikia gesi bado imo. Haijaisha: kuchemka kwake kunaupoza mkebe kuliko hewa inayouzunguka, na shinikizo linashuka. Teremsha hita hadi 4,000, au badilisha mkebe na ule wa kwanza uuweke mfukoni mwa koti upate joto. Usiusogeze karibu na moto, hata kama wenzako wanafanya hivyo. Ukitaka kutumia mtungi wa kilo 9, ukae nje ya hema, wima, mpira upite chini ya turubai, na utumie mpira na kichujio ambavyo mtengenezaji wa hita yako amevitaja, kwani mafuta yatokayo kwenye mipira ya kawaida huziba hita. Viungo vipime kwa maji ya sabuni nyumbani, gereji. Ziwani sabuni itaganda kabla ya povu.

Kulala: hapana, si kwa hita hii. Wanaolala barafuni kwa usalama hutumia vibanda vyenye hita inayotoa moshi nje kwa bomba, kwa mfano zile ndogo za dizeli zinazoendeshwa na betri ya volti 12. Joto lake ni kavu pia. Lakini ni mzigo mwingine na bei nyingine, na wewe hujavua hata mara moja.

Hukuuliza, ila kila mgeni huuliza akifika: hita haitayeyusha barafu ukazama. Joto hupanda, na unene wa barafu ndio wa kuangalia. Idara ya Maliasili ya Minnesota inataka angalau inchi 4 za barafu safi kwa mtu anayetembea kwa miguu, na Januari huwa zaidi. Kitakachoyeyuka ni duara dogo chini ya hita yenyewe, kisha hita itainama na kujizima kila dakika kumi. Beba kipande cha mbao uiweke juu yake.